Harusi ya mdogo wangu imebaki wiki sita: ngozi ya chunusi ipake faundesheni gani?

Bint_Langoni:

Assalaam alaykum dada zangu na mama zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, nina miaka 27, nafundisha shule ya msingi. Mdogo wangu anaolewa wiki sita zijazo inshallah. Mimi ndiye dada mkubwa, kwa hiyo siku ya kupamba bibi harusi sina pa kujificha. Wanawake watajaa, na picha zitapigwa.

Ngozi yangu ni ya mafuta. Chunusi hunitoka kidevuni na kando ya taya, zikizidi hupanda mashavuni, na zikikauka huacha madoa meusi ya miezi. Ili kuyafunika, tangu mwaka jana napaka faundesheni kila siku ya kazi. Nilinunua ya kijiti, ile nzito. Dukani niliipima kwenye kiwiko cha mkono chini ya taa ikaonekana sawa. Nilipofika nyumbani nikaipaka uso mzima, nikatoka uani, mama akaniuliza kama naumwa. Uso ulikuwa wa kijivu na shingo ina rangi yake.

Rangi si kilio changu kikubwa lakini. Ikifika saa nne darasani jasho linaikata. Juu ya mdomo inajikusanya chembechembe, na ukingo wa ushungi unashika mstari wa kahawia usiotoka hata kwa sabuni ya kipande. Chunusi nazo zimeongezeka. Tena kwenye paji kumeota vipele vidogo, ukipitisha kidole ni kama mchanga wa Shela. Jioni najifuta kwa mafuta ya nazi kama bibi alivyotufundisha, basi nalala.

Nipake ya maji, ya poda, au niache kabisa? Na kuna jambo jingine. Rafiki yangu ameniletea kikopo cha krimu ya kuchanganya, hakina jina wala karatasi, anasema ndani ya siku kumi uso unalainika. Nimekipaka siku tatu na kweli chunusi zimenywea. Niendelee?

Ukhti_Shela:

Wa alaykum salaam. Dada, kiache hicho kikopo leo. Faundesheni tutazungumza baadaye.

Mfamasia_Mpwani:

Naungana na Ukhti. Krimu isiyo na jina inayonywesha chunusi kwa siku tatu mara nyingi ina steroidi kali, kama klobetasoli au betamethasoni. Steroidi huzima uvimbe upesi, ndiyo maana unaona nafuu. Ukiendelea wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, na siku utakayoacha chunusi zinarudi kwa kishindo. Hapo ndipo watu hurudi kununua kikopo cha pili na cha tatu. Nyingine huwa na zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, na hizo mbili Shirika la Viwango la Kenya limezipiga marufuku kwenye vipodozi. Kwa siku tatu unaweza kuacha tu. Aliyetumia kwa miezi asiache peke yake, aonane na daktari kwanza.

Dada yangu alipitia haya. Nilikuwa nimeshasomea dawa na sikujua anachopaka mpaka mashavu yakawa mekundu na kuwaka hata akinawa maji baridi. Ilichukua karibu mwaka kutulia. Nakuomba sana, usimpe mtu hicho kikopo, kitupe.

Vile vipele vya paji vinawasha?

Bint_Langoni:

Nimekitupa. Vipele haviwashi, vipo tu.

Mfamasia_Mpwani:

Vizuri. Vingewasha, vyote vya ukubwa mmoja, ningeshuku fangasi wa vinyweleo, maana hupenda joto na jasho la kwetu, na dawa yao ni nyingine kabisa. Visivyowasha na vilivyokuja na faundesheni nzito vinaelekea kuwa vitundu vya ngozi vilivyoziba. Jambo hili si geni. Mwaka 1972 madaktari wa Marekani, Kligman na Mills, waliandika kuhusu chunusi zinazoletwa na vipodozi, na walivipima vipodozi hivyo kwenye masikio ya sungura. Ngozi ya sikio la sungura ni nyepesi kuziba kuliko uso wa mtu, kwa hiyo orodha za mitandaoni za kiungo kipi kinaziba na kipi hakizibi zichukue kama dokezo tu. Hata maandishi ya chupani kwamba haizibi vitundu, kila kampuni huyaandika kwa kipimo chake. Bado ni bora kuliko chupa isiyosema kitu.

Kwa chunusi zenyewe, anza leo jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, safu nyembamba usiku, mwanzo siku moja na kupumzika moja. Dawa za chunusi hutaka wiki nane hadi kumi na mbili kuonyesha kazi yake yote, kwa hiyo wiki sita utaona nusu ya safari. Ukingoja mpaka wiki ya mwisho, utapata ngozi inayobambuka na faundesheni haitashika. Jeli hiyo hula rangi ya nguo, usilalie mto wenye foronya unayoipenda. Na kwa wasomaji wengine: mwenye mimba asiguse adapalini, dawa nyingine ya chunusi, wala ndugu zake bila kumuuliza daktari.

Mama_Piko:

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi ni mpambaji, niko Malindi, na nyuso za chunusi ndizo zilizonifunza kazi. Nisikilize taratibu.

Kijiti weka kando. Faundesheni ya kijiti husimama kwa nta na mafuta, ndiyo inashika umbo. Joto la kaskazi likishaiyeyusha inakaa kwenye vitundu pamoja na jasho, nawe kesho unaongeza nyingine juu. Tafuta ya majimaji, nyepesi, ya ngozi ya mafuta. Nyingi za namna hiyo zina silikoni, ukiisugua kati ya vidole inateleza kama hariri. Watu huiogopa bure. Silikoni kwa kawaida haizibi vitundu, shida yake ni kwamba haiondoki kwa maji matupu. Na ukipaka praima, ile ya kutangulia chini ya faundesheni, iwe jamii moja na faundesheni. Praima ya silikoni chini na faundesheni ya maji juu zitakataana, uso ubanduke vipande kama rangi ya mashua kuukuu.

Poda ya madini nayo inafaa wengi wenye chunusi kwa sababu viungo vyake ni vichache. Ila kwa mtu wa maji ya kunde kwenda mbele huweza kuacha weupe, na jasho likija huonekana mabaka. Mimi ningeitumia siku ya kawaida, si ya harusi.

Rangi. Usipime mkononi, mkono na uso havikupigwa na jua sawa. Chora mistari mitatu kutoka chini ya shavu, ikatize taya, ifike shingoni. Kisha toka nje ya duka, simama kivulini penye mwanga wa mchana, ungoje robo saa. Usione haya, duka litakungoja. Faundesheni ikikutana na mafuta ya ngozi huweza kugeuka, ikaiva au ikawa ya chungwa. Ule mstari usiouona tena ndio wako. Angalia pia ngozi yako inaelekea umanjano au wekundu, kwa maana kijivu ulichokipata mara nyingi ni hapo ulipokosea, wala si weusi na weupe. Siku hizi chaguo lipo. Fenty Beauty ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40, wengine nao walianza kutukumbuka. Zamani nilikuwa nachanganya chupa mbili kwenye kisahani cha kahawa na bado nahangaika. Ukitaka ya bei ya chini, Fit Me ya Maybelline ile isiyong'aa imekusudiwa ngozi ya mafuta. Lakini ipake taya moja siku tatu nne kabla ya kuiamini.

Na sponji yako ina umri gani? Kuna binti alinijia na yake, nikaipasua kwa wembe mbele yake. Nje ilikuwa safi, ndani ina vidoa vyeusi vya ukungu. Alikuwa akiukandamiza ukungu ule usoni kila asubuhi. Ioshe kila wiki, ikauke penye upepo, isikae mkobani ikiwa mbichi, na baada ya miezi michache nunua nyingine.

Ummu_Salma:

Mimi nina miaka zaidi ya hamsini, nimejipaka nazi tangu utotoni na sijawahi kutoka chunusi. Bibi zetu walijipaka liwa na nazi na nyuso zao ziling'aa. Msiwafanye wasichana waogope vya kwao.

Mfamasia_Mpwani:

Mama yangu, shikamoo. Kwa ngozi yako nazi ni neema na usiiache. Kwa nywele na miguu hata mimi naipaka. Lakini mwenye ngozi ya mafuta na chunusi, nazi ni miongoni mwa mafuta yanayoelekea kumzibia vitundu, hasa akilala nayo usoni. Dada ametuambia anajifuta nayo kisha analala.

Ummu_Salma:

Marahaba mwanangu. Hilo la kulala nayo sikuliona. Sisi tulikuwa tukiiosha.

Bint_Langoni:

Mama_Piko, Allah akuzidishie. Sponji yangu ni ile ile ya mwaka jana, inakaa ndani ya mkebe wa biskuti. Nimeona haya kuandika lakini nimeandika.

Naomba msaada mwingine. Shuleni naswali adhuhuri, nyumbani alasiri na kuendelea. Faundesheni isiyopitisha maji inanibidi niitoe kabla ya udhu, halafu nipake tena. Naisugua mpaka ngozi inauma. Mnafanyaje?

Ukhti_Shela:

Mimi mwenzio ndiyo iliyonifanya niiache siku za kazi. Asubuhi napaka krimu ya jua yenye rangi kidogo, basi. Ikifika udhu naiosha kwa sabuni laini ya uso bila kusugua, nikimaliza kuswali narudishia kidogo. Wiki ya kwanza nilijiona mtupu mbele ya watu. Ya pili wakaniuliza nimepaka nini.

Mfamasia_Mpwani:

Hiyo krimu ya jua yenye rangi ina faida nyingine. Rangi yake hutokana na oksaidi za chuma, na hizo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi nyeusi hukoleza madoa ya chunusi. Krimu ya jua isiyo na rangi haizuii mwanga huo vizuri. Tafuta yenye kinga ya jua (SPF) ya 30 kwenda juu, isiyo na mafuta. Madoa ndiyo yanayokupeleka kwenye faundesheni nzito, kwa hiyo yakipungua hata hamu ya kujifunika itapungua.

Mama_Piko:

Sikiliza huyo. Mambo ya wanawake usiku wa harusi huanza baada ya isha, hapo paka kwa nafasi yako. Safu moja nyembamba, kwa sponji mbichi iliyokamuliwa, kubonyeza si kuburuta. Doa jeusi lizime kwanza kwa tone la rangi ya chungwa, kwa brashi ndogo, doa lenyewe tu. Poda paji, pua na kidevu, mashavu yaache. Usiku huo usipake krimu ya jua nzito wala poda nyeupe, hurudisha taa ya kamera na uso unatoka kama umepakwa chokaa. Jipige picha moja ya taa gizani siku chache kabla. Ukirudi nyumbani, hata ikiwa saa tisa usiku, osha mara mbili: kwanza kwa maji ya kuondolea vipodozi na pamba, halafu sabuni ya uso.

Bint_Langoni:

Assalaam alaykum. Nimerudi baada ya wiki tatu na siku mbili.

Krimu ya steroidi ilinikumbusha siku ya tano, zikatoka chunusi nne kwa mpigo, nikalia, kisha zikatulia. Jeli ilinibambua kidogo puani, nikapunguza. Vile vya paji vimekwisha karibu vyote. Kidevuni zimebaki mbili na madoa bado yapo, ila ushungi mweupe nimeuvaa wiki nzima ukingo wake safi. Wanafunzi wa darasa la tatu hawakusema chochote, nami niliogopa Jumatatu ile kuliko mtihani.

Jumamosi nilivuka bahari hadi Mokowe nikapanda basi kuja Malindi kwa shangazi. Nilichora mistari mitatu, nikakaa kwenye ubao nje ya duka robo saa nzima. Wa kwanza uligeuka chungwa. Wa tatu niliutafuta kwenye kioo cha mkoba nikaukosa, nikafikiri nimeufuta kwa leso. Sijalipa bado, nataka Mama_Piko auone. Nalala kwa shangazi mpaka Jumanne. Nije lini?

Mama_Piko:

Njoo kesho, kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa upande wa dirisha langu. Njoo na kipande cha kitambaa cha gauni. Uso usiupake kitu.