Umepanga kiti, hukupanga kaunta yangu! Wenye saluni njooni mnisikie

Wadau, nina hasira na sioni sababu ya kuzificha.

Nina mpangaji saluni kwangu. Amepanga kiti kimoja, anasuka, anaweka dawa, wateja wake ni wake na hela yake ni yake. Sigusi. Mkono wake ni mzuri, na hilo nalisema hata leo nikiwa nimemkasirikia hivi. Kipindi cha nyuma alikuja na chupa kadhaa za mafuta ya nywele akaniomba, "Dada, naweza kuziweka hapa pembeni ya kioo changu?" Nikamwambia weka, mdogo wangu, hapo ni kwako.

Sasa hivi ukifungua mlango wa saluni yangu, kitu cha kwanza kukutana nacho ni mali yake. Zilitoka kwenye kioo chake zikaenda dirishani, kutoka dirishani zikapanda kaunta ya mapokezi, na wiki hii nimekuta zimekalia rafu ya katikati, ile ya usawa wa macho, palipokuwa na shampuu na kondishena zangu. Zangu zimeshushwa chini kabisa, jirani na ndoo ya kudekia! Namuuliza, ananijibu mbele ya wateja: "Kwani silipi kodi?"

Unalipa kodi ya kiti. Kiti, kioo, droo, beseni kwa zamu, maji na umeme. Kaunta haimo humo, na haikuwahi kuwemo. Yeyote aliyewahi kuuza rejareja anajua kwamba kilicho usawa wa macho na kilicho karibu na pa kulipia ndicho kinachoondoka. Mteja anasubiri chenji, macho yanazunguka, mkono unashika kilicho mbele yake. Kipande kile kidogo cha ukuta ndicho kinachonibeba wakati viti viko vitupu, na nilipompangia bei ya kiti sikukihesabu, kwa sababu sikuwa namkodisha.

Msije mkadhani nilimrukia. Nilikaa naye, tukafunga mlango, nikaongea kwa heshima. Nikamwambia chukua rafu moja, nzima, lipia kodi yake kando na kodi ya kiti, uza kwa bei yako, mimi simo. Akasema namtoza mara mbili. Sawa. Nikamwambia basi usilipe chochote, ila kila kinachouzwa hapa mbele kipite kwenye droo yangu ya hela na nibaki na asilimia 15, maana anayejibu maswali ya wateja, anayepokea hela, anayeandika risiti na anayefuta vumbi ni binti wa mapokezi ninayemlipa mshahara mimi. Akasema nataka kula jasho lake. Nikashuka tena: niachie kwa mali kauli. Bidhaa zinabaki zako mpaka ziuzwe, tunahesabu pamoja kila mwisho wa wiki, tunasaini wote wawili, kilichouzwa unapata bei yako, mimi nachukua cha juu tulichokubaliana, kisichotembea unarudi nacho. Hapo akakubali. Kesho yake kageuka. Pendekezo lake yeye? Niziache zilipo bure, kwa sababu zinapendezesha saluni.

Zinapendezesha! Mimi ndiye nimpe eneo, nimpe mfanyakazi wa kumuuzia, halafu nishukuru.

Na hela siyo hata sehemu inayoniuma zaidi. Kati ya zile chupa zimechomekwa krimu za kung'arisha ngozi ambazo kopo halina orodha ya viambato, halina jina la mtengenezaji, halina tarehe ya mwisho wa matumizi. Nikiuliza zimetoka wapi naambiwa "kuna mtu ananiletea." Jamani, hiki siyo kitu cha kuchekeana. Zebaki bado inakutwa kwenye krimu za aina hii, na zebaki inaharibu figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni kuanzia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba ifikapo 2025 hata kiwango hicho kidogo kisiruhusiwe. Kopo lisilosema kilichomo ndani siwezi kulitetea mbele ya mtu yeyote. Mteja akiungua uso hatauliza nani amepanga kiti kipi. Atasema nilinunua saluni kwa fulani, na huyo fulani ni mimi. Mkaguzi naye akiingia ataomba leseni iliyobandikwa ukutani, na jina lililo pale ni langu.

Hata zile nzuri anaziua mwenyewe. Mafuta na seramu zimepangwa dirishani zinapigwa jua mchana kutwa; joto na mwanga vinaharibu mafuta, yanageuka rangi na harufu. Kopo za kujaribishia ziko wazi, kila mtu anachovya kidole. Nyingine zina ile alama ya kopo lililofunguliwa yenye 12M, yaani miezi 12 tangu kifuniko kifunguliwe, lakini nani ameandika zilifunguliwa lini? Hakuna. Na zikiibiwa je? Bima yangu inasoma mali yangu. Ya kwake ikipotea kwenye kaunta yangu, nishaona nitakavyodaiwa.

Najua wapangaji mliomo humu mtanishukia, na baadhi yenu mna haki. Wapo wenye saluni wanaomkataza mpangaji kuuza hata chupa moja kwenye kioo chake, au wanamlazimisha anunue dawa kwao tu. Huo ni uonevu. Aliyepanga kiti ni mfanyabiashara anayejitegemea, na anachomuuzia mteja aliyekaa kwenye kiti chake ni chake chote, senti siitaki. Ninachokataa ni mtu kugeuza ruhusa ya pembeni ya kioo kuwa umiliki wa duka zima, kisha nikidai mazungumzo anapita kwa wateja kunisema nina wivu na riziki yake. Hilo limenifikia kutoka kwa mteja wangu wa siku nyingi, aliyekuja kuniuliza kwa huruma kama biashara imenishinda.

Kwa hiyo nimemwandikia, kwa karatasi, siyo kwa mdomo tena. Krimu zisizo na lebo zitoke leo, hizo sijadiliani. Nyingine ziwe zimerudi kwenye kioo chake kabla ya mwisho wa mwezi, au achague moja kati ya zile njia tatu na tuiweke kwenye mkataba: rafu ipi, upana gani, bidhaa zipi, nani anapokea hela, nani anahesabu, hasara ya kuvunjika au kuibiwa ni ya nani, na notisi ya muda gani mmoja wetu akitaka kuacha. Asipotaka lolote, kiti kina watu wanaokiulizia.

Mwenye mkataba wa kiti ambao una kipengele cha rafu na mauzo ya bidhaa, naomba aniwekee hapa maneno yake yalivyo. Na mpangaji anayeona asilimia 15 ni nyingi aniambie yeye angelipa ngapi, na kwa hesabu gani.