Mjadala: Muziki wa majaribio, kinanda kikuukuu au programu?

Mdundo wa Temeke
Wakuu, nimepata Casio SK-1 kwa fundi redio, ile ndogo ya miaka ya 80 inayonasa sauti kwa kipaza sauti chake yenyewe. Inanasa sekunde moja na kidogo tu, kisha unaipiga kwenye funguo. Nimenasa muuza kahawa akigonganisha vikombe, nikapiga ufunguo wa chini kabisa, ikatoka kama ngoma inayopigwa ndani ya kisima. Studio wananiambia nipoteze muda wangu kwingine, programu ya kompyuta inafanya hayo yote bure. Mimi naamini ufinyu wa mashine ndio unaokulazimisha kubuni. Kwenye kompyuta unachagua sauti mpaka kunakucha. Kijana wa hapa anayetaka muziki wa kielektroniki wa majaribio atafute mashine za zamani au atulie na programu? Na tukumbuke kinanda ndicho kilichoua taarab, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ikawekwa uvunguni. Kina deni.

Fundi Kapasita
Mkuu, mimi nazifungua hizi mashine. Sintesaiza za analogia zinatoa sauti kwa volteji. Joto likipanda, oskileta, kile kiini kinachozalisha sauti, inahama na tyuni inaondoka. Kwa Dar ya Februari, Minimoog ya 1970 utaityuni kila baada ya wimbo, na bei yake unapata bajaji. Wale wa Chicago waliotoa asidi hausi, dansi ya kielektroniki, mwaka 1987 hawakuifuata Roland TB-303 kwa sababu ya uzee. Ilitengenezwa 1981 hadi 1984 ili impigie besi mtu anayefanya mazoezi peke yake, haikuuzika, ikaishia kwenye mitumba kwa bei ya kutupa. Walichukua kilichokuwepo. Kwetu kilichopo ni kompyuta.

Binti Ng'ambo
Taarab imekufa lini, na nani aliyeosha maiti? Miye nafundisha watoto kanuni hapa Unguja, na leo nimemchongea mwanafunzi mpya wa miaka kumi na moja ukucha wa kupigia nyuzi. Ikhwani Safaa, kikundi chetu cha taarab, imeundwa 1905. Wewe hujazaliwa, baba yako hajazaliwa. Ukikaa Temeke ukasikia rusha roho, taarab ya kisasa, kwenye spika ya harusi, usidhani umeona taarab yote.

Mdundo wa Temeke
Dada, samahani, sikukusudia Unguja. Nilikuwa naongelea bara.

Mtanga Halisi
Aah, kwa hiyo bara ndiko ilikofia! Bara gani? Tanga ndiyo iliyoipa taarab umeme. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipiga gitaa la umeme na besi, Shakila akaimba, na watu wakalia. Mngebaki na fidla zenu mngekuwa mnawapigia mabalozi mpaka leo.

Binti Ng'ambo
Mabalozi? Siti binti Saad alikuwa akiuza vyungu, akaenda Bombay kurekodi 1928. Huyo naye alikuwa wa mabalozi? Kaka, futa hilo neno.

Mtanga Halisi
Sifuti.

Mwana wa Mvita
Ndugu zangu, mwagombania umeme na mwatusahau. Mombasa tulichukua tashkota, chombo cha Kijapani kilichobuniwa 1912, kina vitufe kama taipureta, tukakitia umeme, tukakipigisha chakacha, ngoma yetu ya pwani. Hayo ndiyo majaribio. Hapana aliyetufundisha na hapana aliyeuliza kama ni chetu.

Manzese Spidi
Mnaongea kama singeli, muziki wetu wa mbio wa uswahilini Dar, haipo. Tulichukua vipande vya kinanda cha taarab, tukavikimbiza mapigo 200 na kuendelea kwa dakika kwenye kompyuta ya mtumba. 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa studio ya Sisso, na Ulaya wakaanza kusema ni muziki wa majaribio. Sisi tulikuwa kwenye kigodoro, sherehe za mtaani za usiku kucha. Kwa hiyo swali limeshajibiwa na vijana wasiokuwa hata na meza.

Binti Ng'ambo
Na wale wapiga kinanda mliochukua vipande vyao, mliwapa ngapi?

Manzese Spidi
Shangazi, hiyo ni mada nyingine.

Binti Ng'ambo
Ndiyo mada yenyewe. Mtu amekaa miaka akitafuta namna ya kupamba sauti kwa kidole kimoja, wewe unakata sekunde nne unaita ubunifu. Na usiniite shangazi.

Msomaji wa Usiku
Kwa faida ya wote, muziki wa mashine ulianzia Paris 1948. Yote haya tunakopa.

Fundi Kapasita
Hapana mkuu. Halim El-Dabh alikuwa Cairo 1944 na mashine ya kurekodi kwenye waya. Alinasa wanawake kwenye zaar, uganga wa kupunga pepo, akaichezea ile sauti kwa mwangwi mpaka maneno yakayeyuka. Miaka minne kabla ya Paris, na pepo hao hata pwani yetu tunawajua.

Mtanga Halisi
Zaar si ya kuchezea, watu wana imani zao. Na huyu Binti hajanijibu kuhusu Black Star.

Mwana wa Mvita
Kodiani nayo haina robo toni, zile sauti za katikati ya funguo mbili, na mmeipenda miaka yote. Kinanda kikifanya hivyo hivyo mwakiita muuaji. Hailu Mergia wa Ethiopia alirekodi kodiani na Moog pamoja 1985, na mpaka leo yasikizwa.

Binti Ng'ambo
Hapo ndipo panaponiuma. Kanuni ina nyuzi tatu kwa kila sauti na vile vikono vya kuipandisha na kuishusha kidogo. Mi ya Rast, mpangilio wa sauti wa Kiarabu, haimo kwenye funguo za Casio. Iko katikati ya mbili. Nimeona watoto wakizoea kinanda, na baadaye hawaisikii tena, masikio yanairuka. Kwa hilo, huyu kijana ana ukweli kidogo.

Mdundo wa Temeke
Dada, ngoja. Nikinasa hiyo mi kutoka kwenye kanuni yako, nikaipiga kwenye ufunguo wa mi wa kawaida, funguo zote zinahama robo toni pamoja nayo. Nanasa mara ya pili ile do ya kawaida, narekodi mikono miwili mbalimbali, nazipandanisha. Kwenye programu ningeandika namba tu. Hapa lazima nije kukuomba sauti.

Binti Ng'ambo
Njoo na boti ya asubuhi. Usinase zaidi ya Rast mpaka nikusikie kwanza.

Mtanga Halisi
Black Star.