Makumbusho ya sanaa ya mkoa wetu yameandika "mchongaji hajulikani", na kaka yake amesimama pale pale!

Wakuu, nimekaa na hasira hii tangu juzi, leo naitoa.

Babu yangu ni mchongaji. Ameshika tezo tangu ujana mpaka vidole vimekakamaa, hata kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Kila siku anaulizia kazi za wenzake zilizochukuliwa miaka ile zikahifadhiwe, nikaona nimpeleke makumbusho ya sanaa ya huku kwetu Kusini. Jumamosi tukakuta kufuli. Kumbe wanafungua siku za kazi tu, wakulima wakiwa shambani na watoto darasani. Ikabidi niombe ruhusa kazini, tukarudi juzi.

Ndani, babu akasimama mbele ya dimoongo moja, ile nguzo ya watu waliobebana ambayo wengi mnaiita kinyago cha ujamaa. Akaizunguka taratibu. Akainama mpaka chini, kwenye kisigino cha mama aliyewabeba wengine wote, akanionyesha alama ndogo ya tezo, kama ukucha, ambayo haikupigwa msasa. "Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Kila kazi yake aliacha hapo." Mdogo wake alishafariki. Nikasoma kibao. Kiingereza kitupu, na kinasema mchongaji hajulikani.

Hajulikani na nani?

Nikamwita mhudumu, nikamweleza. Akasema taarifa zililetwa hivyo hivyo, kubadilisha ni mpaka kibali kutoka juu. Babu akamwambia, "Mwanangu, sitaki mnilipe kitu, andika jina lake tu." Akajibiwa asogee nyuma, asiguse. Kutogusa naelewa. Lakini hata daftari la kuandika mzee amesema nini hawakuwa nalo!

Na hili ni jambo la hatari. Kuna kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar, mwaka 1984, kikaja kuwa mali ya makumbusho moja Geneva, na hakikurudi mpaka 2010. Miaka 26! Sasa kazi isiyo na jina wala kijiji ilikotoka, ikiibwa leo utaidai kwa lipi? Wenzetu wa nje wanajua uzito wa jina. George Lilanga, mchongaji na mchoraji wa huku huku Kusini, alianza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar, na leo kazi zake zinauzwa Ulaya kwa jina lake kamili.

Msiniambie habari za bajeti. Wazee wa kuulizwa bado wapo, Newala, Masasi, na wale waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji na tezo zao. Waiteni siku moja, wapeni viti na chai, wapite kazi moja moja. Shule iko ukuta kwa ukuta na jengo lile, watoto waje wasikilize na waandike kwa Kiswahili. Kama makumbusho ya mkoa hayafanyi hata hilo, yanamhifadhia nani?

Babu amewatambua wachongaji wanne mle ndani. Nimeandika majina yao, vijiji vyao na alama ya kila mmoja. Jumatatu napeleka barua mwenyewe, nakala kwa afisa utamaduni. Kama baba au babu yako alichonga miaka ile, niandikie jina lake na kijiji chake niongeze kabla sijaenda.