Mnunuzi anataka video yangu pamoja na haki zote. Naombeni ushauri

BintiWaArua
Wadau, salaam. Nimezaliwa Arua, naishi Kampala. Riziki yangu ni kupiga video za harusi na kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kutambulishana kabla ya ndoa, lakini roho yangu iko kwenye sanaa ya video na instolesheni, yaani kazi zinazosimikwa ndani ya chumba kizima. Kazi niliyomaliza ni vipande vya lubugo (kitambaa cha gome la mti) vinavyoning'inia kutoka darini, na juu yake inaangaza video ya wanawake wakivuka Nile kwa kivuko cha Laropi.

Jumba moja la maonyesho mjini limenialika. Malipo hakuna, na projekta nitafute mwenyewe. Wakati huohuo kuna bwana aliyeiona kazi kwenye simu yangu, ananipa shilingi milioni tatu: nimkabidhi flashi, haki zote ziwe zake, nami nisiionyeshe tena popote. Nyumbani wananiuliza kila wiki kama kazi hii ina mbele. Niuze? Na harusi niziache?

Kabalagala_Boy
Uza, dada. Milioni tatu ni kodi ya nyumba. Kivuko hakijahama, utakwenda kupiga nyingine.

MwalimuWaRangi
Kaka, hapo nakukatalia kabisa. Video haiuzwi kama kiti. Msanii anaamua tangu mwanzo zitakuwepo nakala ngapi, aghalabu tatu au tano, na yeye anabaki na moja au mbili zake. Kila nakala ina namba na cheti chenye saini: jina la kazi, mwaka, urefu wa video, na maelezo ya namna ya kuisimika. Flashi itakufa siku moja. Cheti ndicho mali. Mnunuzi anamiliki nakala yake, haki miliki inabaki kwako. Sheria ya Haki Miliki ya mwaka 2006 inalinda hata kazi za video, na URSB, ofisi ya serikali ya usajili, wanasajili ukitaka ushahidi wa maandishi.

Mwambie huyo bwana: milioni tatu, nakala ya kwanza kati ya tano. Akikubali, ni biashara nzuri sana kwa msanii anayeanza. Akishikilia haki zote, mwache aende. Kila ombi la residensi, yaani nafasi ya msanii kukaa na kufanya kazi mahali kwa muda, utakaloandika litadai uonyeshe kazi zako, na hii ndiyo iliyo bora. Ukizuiwa kuionyesha utaomba kwa kutumia nini?

FundiTaa
Mimi nafunga mitambo ya maonyesho, niseme la kwangu. Lubugo ni kahawia iliyokolea, linakunywa mwanga, na bluu ndiyo inayozama kwanza. Maji ya Nile yatageuka tope. Pandisha mwangaza wakati wa kuhariri, kisha jaribu juu ya lubugo lenyewe, siyo kwenye kompyuta. Projekta ya ofisini ya lumeni 3,000 (ndicho kipimo cha mwanga wake) itakufaa tu ikiwa chumba kina giza kamili na picha si kubwa. Usicheze video kutoka kwenye laptopu. Tafuta kile kicheza video kidogo kinachojiwasha na kuanza upya umeme ukirudi, maana utakatika, na hutakuwepo.

Haya yote yaandike kwenye karatasi moja pamoja na mchoro wa chumba, uwapelekee wenye jumba. Wakishindwa kukulipa, basi projekta, usafiri na fundi viwe juu yao. Usikope ili uonyeshe kazi yako kwenye ukumbi wa mtu mwingine.

MzeeWaMasaka
Binti yangu, mimi nauliza jingine. Lubugo ni gome la mti wa mutuba, na UNESCO waliutambua ufundi wake mwaka 2005. Lakini kwetu Buganda ndilo tunalomzikia marehemu. Mtu wa huku akiona wanawake wakivuka maji juu ya lubugo atasoma msiba. Umekusudia hivyo?

BintiWaArua
Shikamoo mzee. Ndiyo, nimekusudia. Bibi yangu alivuka mto akikimbia vita, na aliovuka nao si wote waliorudi.

MzeeWaMasaka
Marahaba. Basi hayo yaandike ukutani, mlangoni kabisa. Na kazi hiyo usimwachie mtu akaifungie kabatini.

MwalimuWaRangi
Nimeisoma hiyo ya bibi mara mbili. Kuhusu harusi, usiache. Zinalipia kamera na zinakunoa mkono. Ila tenga miezi ya harusi chache iwe ya sanaa tu. Nenda 32° East, kituo cha sanaa hapo Kabalagala, wana residensi na maktaba, na ndio walioanzisha tamasha la sanaa la KLA ART mwaka 2012 kwa kuweka kazi ndani ya makontena mjini. Mwaka 2014 wakazipandisha kwenye boda boda. Sanaa ya namna yako imeshazoeleka pale. Prince Claus Fund, mfuko wa utamaduni wa Uholanzi, nao wana tuzo za Seed Awards, euro 5,000 kwa wasanii wachanga. Na wazazi waambie kwamba mwaka 2022 Uganda ilikuwa na banda lake la kwanza kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, la Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, likatajwa kwa heshima na majaji. Kerunen anafanya kazi na mikeka na vikapu vya akina mama wasusi.

BintiWaArua
Asanteni sana. Nimempigia yule bwana: nakala moja kati ya tano, haki zangu nabaki nazo. Amesema atafikiri. Jumba la maonyesho nitawapelekea karatasi Jumatatu. FundiTaa, kuna mahali Kampala wanakodisha hicho kicheza video, au ninunue?

FundiTaa
Nunua, bei yake si kubwa. Projekta ndiyo ya kukodi. Nitumie vipimo vya chumba kwa ujumbe wa ndani.