Jiko na hita kwa boti ya futi 26: gesi, dizeli au spiriti?

Mtanga wa Clyde

Wakuu, salaam. Nina boti ya tanga, Westerly Centaur ya futi 26, naiweka mtoni Clyde huku Scotland. Ni chombo cha miaka ya sabini, fibaglasi nene, mikuku miwili, maji yakitoka inakaa wima kwenye tope. Mwaka huu nataka kuipitisha mfereji wa Crinan Canal, malango yote 15 ya maji, nitokee upande wa visiwa, na nataka kuanza Aprili. Aprili bahari ya huku ni kama nyuzi 8, na usiku chumba kinakuwa na baridi ileile ya maji yaliyo chini yake.

Jiko lililokuwemo lilikuwa la gesi, plate mbili. Nimeling'oa. Bomba la shaba lilishaota kijani kwenye kiungo, na mtungi ulikaa kwenye sanduku la tezi, yaani nyuma ya boti, lisilo na tundu la kutokea nje. Hita haikuwepo kabisa. Msimu uliopita tulikuwa tunawasha jiko asubuhi ili tupate joto, na baada ya nusu saa dari lote linatoka jasho, matone yanadondokea mifuko ya kulalia. Godoro la omo, kule mbele ya boti, likashika ukungu mweusi, nikalitupa.

Nafikiria njia tatu. Kwanza, gesi mpya kwa kupikia na hita ya dizeli ya kupuliza hewa moto. Pili, jiko la spiriti pamoja na lile jiko la dizeli la kudondosha lenye bomba la moshi. Tatu, lile la Wallas la Finland, ambalo ukipika ni jiko na ukifunika mfuniko wake wenye feni linageuka hita. Umeme wangu ni betri moja ya Ah (ampea-saa) 110 na paneli ya wati 80. Tuko wawili, mimi na mke wangu, na tunapika chakula kamili: ubwabwa, maharage, ugali. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Fundi wa Southampton

Mkuu, umefanya vizuri kung'oa. Ile gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja jikoni kwako nyumbani inaweza kutokea chini ya mlango. Kwenye boti hakuna chini ya mlango, inazama ngamani, chini kabisa ya chombo, na kukaa huko, na cheche moja ya pampu ya maji inatosha. Ndiyo maana sanduku la mtungi lazima lizibwe kabisa upande wa ndani na liwe na tundu sakafuni mwake linalomwaga nje, juu ya usawa wa maji. Tundu lako halikuwepo, kwa hiyo mlikuwa mnalala juu ya hatari msimu mzima.

Pamoja na hayo bado nakushauri gesi kwa kupikia. Plate inawaka papo hapo, sufuria inachemka, unazima. Chukua mtungi wa propani, usichukue wa butani: butani karibu na nyuzi sifuri haitaki kugeuka mvuke, moto unakuwa kama wa mshumaa, lakini propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kila plate iwe na kile kidude kinachokata gesi moto ukizimika. Mpira wa gesi una mwaka uliochapwa juu yake, usome. Weka valvu ya kufungia karibu na jiko, mahali ambapo mkono unafika bila kupita juu ya moto. Na kazi ya bomba mpe mtu mwenye cheti cha gesi ya boti.

Bi wa Bergen

Fundi, nakuheshimu, lakini hujagusa lile dari linalotoa jasho, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kilo moja ya propani ikiungua inatoa maji lita 1.6. Hayo maji yanaelea hewani, yakikuta fibaglasi baridi yanakuwa matone. Spiriti nayo inatoa, kilo moja zaidi kidogo ya lita moja. Moto wowote usio na bomba la moshi unanyesha ndani. Ndugu yetu alikuwa anajipasha joto kwa mvua.

Mimi nina jiko la dizeli la kudondosha, Refleks ya Denmark, la aina wanayotumia wavuvi. Halina feni wala halili hata ampea moja. Dizeli inashuka yenyewe kutoka tanki dogo lililowekwa juu, inadondoka kwenye chungu cha chuma, inaungua, moshi wote unapanda nje. Juu yake ni bapa, birika linakaa hapo kutwa. Ukitoka juu na mikono imekufa ganzi, unaishika birika kwanza kabla hata hujavua koti.

Nisiwafiche upande wake mgumu. Linataka bomba refu lililonyooka, na upepo ukishuka mlimani kwenye fjodi, ile ghuba nyembamba kati ya milima, unausukuma moshi urudi ndani. Chombo kikilala upande dizeli haishuki sawasawa, kwa hiyo mimi nawasha nikiwa nimetia nanga tu. Na kuliwasha si suala la kubonyeza kitufe, ni robo saa ya kungojea.

Kupika napikia jiko la spiriti la Origo. Kopo lake linameza lita 1.2, ndani lina kitu kama pamba ngumu kinachoishika spiriti, ukiligeuza haimwagiki. Hayatengenezwi tena, utatafuta lililotumika. Spiriti ina nguvu ndogo: lita moja ni kama kWh 6, dizeli karibu 10. Kwa maharage, loweka usiku, tumia presha kuka, kisha lifunge kwenye blanketi limalizikie humo.

Kijana wa Rotterdam

Niongezee kuhusu hita ya kupuliza, maana nimeifunga mwenyewe. Nilinunua ile ya bei rahisi ya mtandaoni. Mwezi wa kwanza ilikuwa ikiwashwa inatoa moshi mweupe kisha inajizima na kuandika kosa. Nikadhani ni mbovu. Siku moja nikaweka mita: kwenye betri volti 12.6, kwenye hita yenyewe, wakati plagi ya joto ya kuwashia inavuta umeme, volti 10.3. Waya uliokuja nao ulikuwa mwembamba na nilikuwa nimeurefusha. Nikaweka waya wa milimita 6 za mraba, tatizo likaisha siku hiyohiyo.

La pili ndilo zito. Kizuia kelele cha bomba la moshi kilichokuja kwenye boksi kilikuwa na mshono usiozibwa. Kwenye lori pengine si neno, bomba liko nje chini ya gari. Kwangu lilipita ndani ya sanduku la tezi. Saa tisa usiku king'ora cha kaboni monoksaidi kikalia. Tulitoka nje na blanketi, tukafungua kila kitu. Kesho yake nikanunua bomba na kizuia kelele vya boti, vilivyozibwa, na kibanio kila kiungo.

Kwa hiyo Mtanga, king'ora ni kitu cha kwanza kununua, kabla ya jiko na kabla ya hita. Huko Uingereza Boat Safety Scheme, inayohusu boti za mitoni na mifereji, imezilazimisha boti binafsi zenye sehemu za kulala kuwa nacho tangu 1 Aprili 2019.

Umeme usikutishe. Hita ya Webasto ya kW 2 inakula wati 14 hadi 29 ikishawaka, na dizeli kati ya lita 0.12 na 0.24 kwa saa. Usiku mmoja, muda wa saa nane, kwa moto mdogo ni kama lita moja ya dizeli na Ah 10 za betri. Ila usiiache kwa moto mdogo siku zote, inajaa masizi. Kabla ya kuzima ipandishe moto wa juu dakika kumi na tano.

Mzee wa Shela

Wanangu, mimi niko Lamu, hita siijui, lakini kupika chomboni nimepika. Nilipokuwa kijana nilipanda jahazi la boriti kwenda Mombasa nikiwa mpishi. Jiko letu lilikuwa sanduku la mbao limejazwa mchanga, mafiga matatu juu yake, kuni za mkoko. Sanduku huwekwa upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, cheche zangukie baharini, zisiende tangani. Sufuria hufungwa kwa kamba kwenye masikio yake. Bahari ikichafuka nahodha husema "zima", na mpishi huzima, wali uive usiive. Watu hula tende.

Tulikuwa juu, hewa tele. Nawaomba mtu asije akafikiri kuingiza jiko la mkaa chumbani mwa boti kwa ajili ya baridi. Huku kwetu kila baridi ya Juni na Julai twasikia watu wa bara waliolala na jiko la mkaa ndani na hawakuamka. Chumba cha boti ni kidogo kuliko chumba chochote cha nyumba.

Mtanga wa Clyde

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mkaa nimelishika, na king'ora nimeshakiagiza leo.

Nimekaa na karatasi. Wallas nimeiacha. Moshi wake unatoka nje, chumba kinabaki kikavu, na hilo nilikuwa nalipenda sana. Lakini asubuhi ya baridi mtu anataka chai na joto kwa pamoja, na pale ni kimoja baada ya kingine. Halafu kioo chake cha kupikia kimefungwa imara kwenye meza, hakining'inii kikabaki sawa boti ikilala, nami napika pia tukiwa safarini.

Kudondosha, Bi wa Bergen, limenivuta. Nimepima kutoka mahali pekee linapoweza kukaa hadi darini, halafu nje: bomba linatokea palepale foromali, ule mti unaoshika tanga kubwa, inapopita. Ningelazimika kuling'oa kila nikitweka tanga.

Basi ni gesi kwa kupikia, imefungwa upya yote na fundi mwenye cheti, na hita ya kupuliza kwa joto. Tukianza kupika, hita nayo inawaka na dirisha la juu linafunguliwa kidogo, mvuke uwe na pa kwenda.

Bi wa Bergen

Foromali nimeikubali. Betri moja siikubali. Siku betri imekufa, na ndiyo siku mvua imenyesha kutwa, utakuwa na dizeli tele na huna joto. Ongeza ya pili kabla ya Aprili, na ile ya kuwashia injini usiiguse.

Fundi wa Southampton

Bi amesema kweli. Na bomba la moshi la hita likitokea tezi, lipandishe kwanza juu mpaka chini ya sitaha ndipo lishuke kwenye tundu, wimbi likipiga nyuma lisiingie kwenye hita. Jiko nalo nunua linaloning'inia, lenye komeo.

Mtanga wa Clyde

Komeo la nini, fundi?

Fundi wa Southampton

La ugali. Jiko likiwa linaning'inia, ukikandamiza mwiko linakimbia mbele, ukivuta linakurudia na maji ya moto. Ukisonga, lifunge komeo, na mtu wa pili ashike sufuria kwa vibanio. Ukiwa safarini usisonge, pika ubwabwa.

Mzee wa Shela

Na nenda dukani na sufuria zako mwenyewe, mwanangu. Majiko ya wazungu yametengenezewa sufuria zao.

Mtanga wa Clyde

Nimezipima sasa hivi mzee. Ya ugali ni sentimita 24, ya mboga 20. Jiko nililokuwa nalitaka lina sentimita 38 kutoka ukingo hadi ukingo. Hazikai zote mbili. Narudi kutafuta pana zaidi, au nitapata sufuria ya mboga ya 14.