Wikendi moja Istanbul, marafiki wanne kutoka nchi nne: tuanzie wapi?

Mtoto_wa_Chumbageni

Wakuu, salaam. Tuko wanne tuliosoma sekondari pamoja Tanga. Leo mimi niko Dar, mmoja Doha, mmoja Hamburg, mmoja Nairobi. Tangu tumalize kidato cha nne hatujawahi kukaa meza moja wote wanne. Tumekubaliana tukutane Istanbul, maana kila mmoja anapata ndege ya moja kwa moja hadi huko. Tunafika Ijumaa jioni, tunatawanyika Jumatatu alfajiri.

Tatizo ni kwamba kila mtu ana lake. Wa Doha anataka misikiti na majumba ya masultani. Wa Hamburg anataka muziki na kucheza mpaka kunakucha. Wa Nairobi ana duka la nguo, hataki kuondoka bila kupita Laleli, mtaa wa nguo za jumla. Mimi nataka tuonane, lakini nami sitaki kurudi nikiulizwa umeona nini nikakosa la kusema. Aliyewahi kufanya safari ya namna hii naomba anisaidie. Tulale upande gani, na usiku twende wapi?

NesiWaBremen

Mdogo wangu, swali lako limenigusa. Sisi tulikwenda Oktoba mwaka juzi, wanawake watano tuliosomea uuguzi pamoja Moshi, na tulikuwa na siku zile zile kama zenu.

Kabla ya yote, hakikisheni mnashuka kiwanja kimoja. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa. Mwenzetu mmoja aliona tiketi ya bei nafuu akaikata bila kusoma jina la kiwanja. Sisi wanne tukawa tunamsubiri upande wa Ulaya, kumbe yeye kashuka Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Mji mmoja, mabara mawili, na foleni ya Ijumaa jioni katikati. Tulikumbatiana saa sita usiku mlangoni pa hoteli, wote tumechoka, na usiku wa kwanza ukawa umekwenda hivyo. Kwa safari ya siku mbili na nusu hiyo si hasara ndogo. Bado inaniuma.

Tulilala Karaköy, chini ya mnara wa Galata, na ningerudi hapo hapo. Tramu ya T1 inapita mlangoni: vituo vichache uko Sultanahmet, ukiendelea na tramu hiyo hiyo unafika soko kubwa lenye paa, halafu Laleli. Feri za kwenda Asia zinaondoka hapo hapo. Kupanda mlima kwenda barabara ya İstiklal kuna kitreni kifupi cha chini ya ardhi, Tünel, kinachofanya kazi tangu 1875. Miguu yenu itakishukuru.

Jumamosi tulikuwa Ayasofya kabla ya saa tatu asubuhi, na hapo ndipo penye jambo ninalotaka kukueleza. Jengo lile lilimalizika mwaka 537 likiwa kanisa, likawa msikiti 1453, baadaye makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Wawili kati yetu ni Waislamu, wakaingia chini kuswali, hawakulipa kitu. Sisi watatu Wakristo tukalipa yuro 25 kila mmoja, tukapanda roshani ya juu. Huko kuna picha ya Yesu, Maria na Yohana Mbatizaji iliyotengenezwa kwa vijiwe vya rangi. Nusu yake ya chini imebomoka, nyuso zimebaki. Mwenzetu mmoja, Mlutheri wa Machame, alisimama pale hata nikaogopa kumgusa bega. Kwenye ukingo wa marumaru kuna maandishi yaliyochongwa na askari wa Kiviking, sehemu ya jina lake, Halfdan, bado inasomeka. Tulipokutana nje tukakaa kwenye benchi na simit mkononi, ile mikate ya duara yenye ufuta, kila upande ukimsimulia mwenzake kile ambacho hakukiona. Nusu saa nzima. Katika safari yote hakuna nusu saa ninayoikumbuka kuliko hiyo.

Kwa hiyo Topkapı, kasri la masultani, tuliiacha. Najua wa Doha atanuna, lakini kasri lile linakula nusu siku, na ninyi hamna nusu siku ya kutoa. Mpeleke Süleymaniye, msikiti wa msanifu Sinan uliomalizika 1557. Kuingia ni bure, watu si wengi kama Ayasofya, na ukisimama uani unaiona Pembe ya Dhahabu, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, yote chini yako. Ng'ambo ya barabara kuna safu ya migahawa ya maharage na wali. Ndiyo, maharage na wali! Yamepikwa polepole na siagi na nyanya, na wenyewe wanayajua sana. Mzee mwenye mgahawa akatupokea kwa "merhaba". Wenzangu wote wanne wakajibu kwa pamoja, "Shikamoo!" Ikabidi tumweleze kwa ishara kwamba kwetu marahaba huja baadaye. Alicheka, akaleta chai ya bure kwenye vile vibilauri vyenye kiuno.

Jioni pandeni feri kwenda Kadıköy. Ni dakika kama ishirini. Kaeni nje, nyuma, mnunue chai, muwarushie shakwe vipande vya simit. Jua likizama unaona minara ya misikiti yote ikigeuka nyeusi. Aliyevuka Kigamboni kwa pantoni atajua raha ya upepo ule, ila hapa unakaa na chai. Kadıköy ndiko vijana wa mji wenyewe wanakokwenda usiku. Tulianza na kome waliojazwa wali wa viungo. Muuzaji anakukamulia limau, unakula, anakupa mwingine, mpaka wewe useme basi. Kisha kuna Kadife Sokak, mtaa ambao kila mlango ni baa na kila baa ina muziki wake. Tulicheza mpaka saa tisa usiku.

Mzigo_Laleli

Dada hapo juu kasema vizuri, ila asubuhi ya Jumamosi mwenzenu wa Nairobi aiache Ayasofya, aende Laleli. Mimi naenda Laleli mara tatu nne kwa mwaka. Jumapili maduka ya jumla yamefungwa, na soko kubwa lenye paa nalo limefungwa. Akisubiri Jumapili atapiga picha mageti.

Mfahamishe pia kwamba wengi hawauzi nguo moja. Wanauza seri, yaani muundo mmoja saizi zote kwa pamoja. Aende na vipimo vya wateja wake, achague miundo michache, akubaliane bei kabla mzigo haujafungwa, apeleke kargo. Kargo wanahesabu kwa kilo, kwa hiyo makoti yatamlia faida. Tena aende peke yake. Nimewahi kupeleka marafiki watatu dukani, kila mmoja ana maoni yake kuhusu rangi, nikaondoka na mzigo ambao mpaka leo upo stoo.

Kivuko

Naishi hapa mwaka wa sita, nilikuja kusoma. Naongeza machache.

Kila mtu anunue Istanbulkart yake, kadi ya nauli, inatumika kwenye tramu, metro na feri. Feri nyingi zinakoma mapema kuliko muziki. Msiogope, dolmuş kati ya Kadıköy na Taksim, mwisho wa İstiklal, zinatembea usiku kucha. Ni vigari vya njano, na jina lenyewe maana yake "imejaa": haiondoki mpaka viti vijae. Mtu wa daladala hahitaji maelezo zaidi. Usiku wa kuamkia Jumamosi na wa kuamkia Jumapili metro ya M2 ya Taksim nayo haikomi.

Hili nalisema kwa uchungu, kwa vijana wa kiume hasa. Ukiwa peke yako İstiklal, akaja mtu mchangamfu anayejua Kiingereza, kavaa vizuri, akasema na yeye ni mgeni mjini na anajua baa nzuri, mshukuru uendelee na safari yako. Binamu yangu alikwenda. Vinywaji vitatu, bili ya mamia ya yuro, na wanaume wawili wamesimama mlangoni. Pesa yake ya ada ya muhula iliishia pale. Tembeeni wanne.

Mtoto_wa_Chumbageni

Nawashukuru sana. Dada NesiWaBremen, swali moja. Asiyekunywa kati yetu ni mimi. Usiku wote huo ulioueleza, sitakuwa nimekaa tu kuwalindia mikoba?

NesiWaBremen

Hapana, mdogo wangu. Nami sinywi. Jumapili usiku tulikwenda meyhane, zile nyumba za kula na kuimba, huko Nevizade nyuma ya İstiklal. Pale chakula ndicho kinachoongoza. Wanakuletea sinia kubwa la visahani, unaonyesha kwa kidole: biringani za kuchoma, jibini na tikiti, pweza, majani ya mzabibu yaliyofungwa wali. Wenzangu walikunywa rakı, pombe ya anisi, inageuka nyeupe kama tui ukitia maji. Mimi niliagiza şalgam, maji mekundu ya karoti yaliyochachushwa, yana chumvi na pilipili. Wanamuziki wakaja mezani na fidla na ngoma, meza ya jirani wakasimama, nasi tukasimama. Hakuna aliyeniuliza kwenye bilauri yangu kuna nini.

Ukitaka kulipa sema "hesap". Ni hesabu ile ile yetu. Ila isome mstari kwa mstari kabla hujatoa pesa.

Na tiketi za wenzako umeziangalia?

Mtoto_wa_Chumbageni

Nimewaandikia wote baada ya kusoma jibu lako la kwanza. Wa Doha sawa, wa Nairobi sawa. Wa Hamburg kakata Sabiha Gökçen. Nampigia sasa hivi.