Usiku kumi na nne

Zuhura (Leeds, Uingereza): Assalaam aleikum nyote. Kazi nimeanza, alhamdulillah. Ila barua inasema mshahara ni "fortnightly", kwa hiyo hela ya dawa za Bibi msiitegemee Ijumaa hii.

Shangazi Mwanaidi: Waaleikum salaam mwanangu. Hiyo si kila siku arobaini? Dawa hazifiki huko!

Zuhura: Hapana Shangazi, ni wiki mbili.

Athumani: Za wiki hii nitanunua mimi.

Mjomba Salim: Mungu akubariki Athumani. Mwanaidi, hiyo "fort" si arobaini, ni kumi na nne iliyolika. Waingereza wa kale walisema "feowertyne niht", usiku kumi na nne. Karne kwa karne ulimi ukalikata, ikabaki "fortnight". Wiki nayo waliiita "sennight", usiku saba, lakini hilo limeshakufa.

Athumani: Kwa nini usiku, Mjomba? Kazi si inafanywa mchana?

Mjomba Salim: Asili ya Kiingereza ni makabila ya Kijerumani. Tacitus, Mroma, aliandika mwaka 98 kwamba watu hao hawahesabu siku kama Warumi, wanahesabu usiku. Mabaraza yao yalikaa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Toka kuandama hadi upevu ni usiku kama 14 au 15 hivi.

Shangazi Mwanaidi: Bibi yuko hapa, nimemsomea. Anasema, "Mbona ndiyo hesabu yetu? Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishatua."

Athumani: Hitima ya Babu niliikosa kwa hilo. Niliambiwa usiku wa Ijumaa, nikafika Ijumaa jioni, majamvi yameshakunjwa. Mpaka leo linaniuma.

Shangazi Mwanaidi: Pole baba. Hatukujua kumbe ndiyo sababu. Tulidhani umetususa.

Mjomba Salim: Na litazameni neno "siku", kisha "usiku". Shina ni lile lile, la tangu Kibantu cha kale, likibeba usiku na pia siku nzima ya saa 24. Nimefundisha Kiswahili miaka 30 na jambo hili bado linanisisimua.

Zuhura: Basi Bibi, nihesabie usiku kumi na nne.

Shangazi Mwanaidi: Anauliza, aanze na huu? Huku magharibi imeshaadhiniwa.

Zuhura: Aanze na huu huu.